Nani Alipe Siku za Uzazi? Kutoka kwa Umar (r.a.) hadi Kampala na Kigali



Muhula huu darsa letu la Alhamisi linahusu haki za mtoto katika Uislamu. Sehemu ya mtoto mchanga iliniangukia mimi, kwa kuwa nasoma sheria na wenzangu waliona nitaweza kuunganisha fiqhi ya unyonyeshaji na sheria za kazi za nchi zetu. Nilijitayarisha kwa dakika ishirini. Tulikaa karibu saa mbili, na wahariri wakaniomba niyaandike tuliyoyazungumza ili wale waliokuwa kwenye mitihani nao wayapate.

Kilichotuchelewesha ni swali la ndugu mmoja wa kitivo cha uhandisi. Aliuliza kwa nia njema kabisa: matumizi ya mke na mtoto ni wajibu wa mume, na hilo halina ubishi. Basi likizo ya uzazi yenye malipo, na serikali kutoa fedha za malezi ya watoto, vinatuhusu nini sisi? Si ni mambo ya jamii ambazo baba amejitoa?

Nilimjibu kwamba khalifa wa pili alikuwa na sera ya serikali kuhusu jambo hilihili, akagundua ina kasoro, na akaibadilisha siku hiyohiyo. Tuanze hapo, maana kisa hicho kimebeba karibu kila kitu tunachokihitaji ili kuzisoma sheria za leo.

Umar bin al-Khattab (r.a.) alipofungua diwani, yaani daftari la watu wanaostahili posho kutoka Baitul Maal, watoto nao waliwekewa fungu. Lakini palikuwa na sharti: mtoto ataandikwa akishaachishwa ziwa. Kwa jicho la mhasibu sharti hilo halina ubaya. Mtoto anayenyonya hanunuliwi unga wala tende, chakula chake kiko kwa mama yake, kwa hiyo Baitul Maal isubiri mpaka aanze kula kama watu wengine. (Ndugu zangu wa uhasibu msinuniane nami.)

Ibn Sa'd katika Tabaqat amepokea kwamba usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina na kupiga kambi penye uwanja wa kuswalia. Umar alimwomba Abdurrahman bin Awf (r.a.) wakauchunge pamoja dhidi ya wezi. Wakawa wanalinda na kuswali. Katikati ya usiku Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Mungu na amtunze mtoto wake, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, naye akaenda tena. Mwisho wa usiku akalia mara ya tatu, na safari hii Umar akamkemea yule mama: mbona mtoto wako hatulii usiku kucha? Mama, ambaye hakujua anayezungumza naye ni nani, akamjibu kwa kuchoka kwamba amekuwa akimzoeza kuacha ziwa na mtoto hataki. Kwa nini unamwachisha? Kwa sababu Umar hatoi posho isipokuwa kwa mtoto aliyeachishwa. Akamuuliza umri wa mtoto, ikawa ni miezi michache tu. Akamwambia asimharakishe.

Alfajiri Umar aliwaswalisha watu, na waliokuwa nyuma yake hawakuweza kuusikia vizuri usomaji wake kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu alijilaumu mbele yao, akiwaza ni watoto wangapi wa Waislamu wameangamia kwa sababu ya sharti lake. Kisha akaamuru mpiga mbiu atangaze kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, na kwamba kila mtoto atakayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa posho tangu kuzaliwa. Amri hiyo ikapelekwa kwa maandishi hadi majimboni. Kiasi kinachotajwa kwa mtoto mchanga ni dirhamu 100.

Wengi wetu tumekisikia kisa hiki kwenye mawaidha, na mara nyingi huelezwa kuonyesha ulaini wa moyo wa Umar. Ni kweli. Mimi, hata hivyo, nataka mkitazame kama wanafunzi wa sera. Sheria ya kwanza haikumwamuru mama yeyote amwachishe mtoto. Iliweka fedha upande wa pili wa mto, na mama mwenye njaa akavuka. Umar alikuwa amekwenda mara mbili kumwonya mama juu ya tabia yake. Mara ya tatu ndipo alipouliza sababu, na sababu ikawa ni yeye mwenyewe na daftari lake. Hakuunda kamati ya kuwahamasisha akina mama. Alibadilisha sharti.

Na hapa ndipo jibu la ndugu yetu mhandisi lilipo. Mtoto yule hakuwa yatima kwa tunavyoelezwa. Akina baba walikuwepo Madina, na wajibu wao wa nafaka ulikuwa umekwishateremshwa na kueleweka. Umar hakusema mwendeeni baba yake. Alilichukua fungu la mtoto kuwa haki yake mbele ya dola, juu ya ile haki aliyonayo kwa baba yake. Haki mbili, na moja haikuifuta nyingine.

Qur'ani yenyewe imeligusa jambo hili kwa undani unaoshangaza. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, tunafundishwa kwamba akina mama hunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Kwamba chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba kwa kadiri inavyokubalika. Kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe. Na kwamba wakitaka kumwachisha mapema iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Katika Surat at-Talaq, aya ya 6, mama aliyetalikiwa akiwanyonyeshea waume watoto wao, anastahili ujira. Kunyonyesha, kwa maneno mengine, ni kazi yenye thamani inayoweza kuhesabiwa. Ishikeni hiyo miaka miwili kichwani, kwa sababu sasa tunaingia kwenye wiki.

Hapa Uganda, Katiba ya mwaka 1995 inasema katika ibara ya 33 kwamba dola itawalinda wanawake kwa kuzingatia majukumu yao ya uzazi, na katika ibara ya 40 kwamba mwajiri wa kila mwanamke atampa ulinzi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Utekelezaji uko katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006: siku 60 za kazi zenye mshahara kamili, na angalau wiki nne kati yake ziwe baada ya kujifungua. Likizo hiyo inamhusu pia aliyeharibikiwa na mimba. Jambo hili la mwisho nalitaja kwa makusudi, kwani niliuliza darsani nani alikuwa analijua na hakuinua mkono mtu hata mmoja. Kuna dada zetu wamepoteza mimba Jumanne na Jumatano wakarudi kazini kwa kudhani hawana haki yoyote.

Angalieni maneno "siku za kazi". Anayefanya kazi benki siku tano kwa wiki atakaa nyumbani wiki 12. Mwalimu wa shule inayofundisha hadi Jumamosi, au muuza duka wa siku sita, akihesabiwa siku 60 zake atamaliza kwa wiki 10. Sheria ni ileile, lakini mwenye wiki ndefu ya kazi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo, anapata wiki mbili pungufu. Tanzania inahesabu siku za kalenda, 84 kwa mtoto mmoja na 100 kwa mapacha, na Kenya inahesabu miezi mitatu. Huko mwenye Jumamosi na asiye na Jumamosi wako sawa.

Lakini idadi ya siku sicho kiini cha somo hili. Kiini ni nani analipa. Uganda, mshahara wa siku zile 60 unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, lakini hiyo ni akiba ya uzeeni. Siku ya kujifungua haitoi kitu.

Fikirini shule ndogo ya chekechea yenye walimu watano, wote wanawake, kila mmoja analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mmoja akijifungua, shule inamlipa wiki 12, karibu shilingi 1,100,000, bila kuwa naye darasani. Kwa wiki hizohizo inamlipa mwalimu wa muda kiasi kinachokaribiana na hicho. Wakijifungua wawili mwaka mmoja, karo za watoto kadhaa zimekwenda huko. Mwenye shule ambaye si mtu mbaya, anayeswali na kufunga, ataanza kufanya nini? Ataanza kuuliza maswali.

Nililiulizwa mwenyewe. Niliomba kazi ya muda wakati wa likizo ndefu katika shule moja ya Waislamu wenzetu, ambayo sitaitaja. Mahojiano yalikwenda vizuri hadi mwisho, ambapo mzee mmoja wa bodi alifunga faili na kuniuliza kwa upole wa baba: binti yangu, umeolewa? Nikasema bado. Unatarajia lini? Nikajibu kwamba hilo liko kwa Allah. Alitabasamu, na kazi akapewa kaka mmoja ambaye tulikuwa naye kwenye benchi la kusubiri. Sikumwombea mabaya mzee yule. Nilipopiga hesabu nilizowaandikia hapo juu niliona kwamba sheria ilimwekea fedha upande wa pili wa mto, naye akavuka, kama mama wa Madina. Tofauti ni kwamba aliyebaki ukingoni ni mimi.

Hili si jambo jipya duniani. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu uzazi, wa mwaka 1919, tayari ulisema malipo ya mama yatoke kwenye fedha za umma au kwenye mfumo wa bima. Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, unaoweka kiwango cha chini cha wiki 14 na theluthi mbili za mshahara, nao unasema mwajiri mmojammoja asibebeshwe gharama hiyo peke yake, na unataja wazi sababu: kulinda nafasi ya wanawake katika soko la ajira. Walijua kwamba haki inayolipwa na mtu mmoja itakimbiwa na mtu huyo.

Sasa tuvuke mpaka wa Katuna twende Rwanda. Sheria yao ya kazi ya mwaka 2009 ilitoa wiki 12, na ukiisoma haraka utaipongeza. Lakini mshahara kamili ulikuwa wa wiki sita za kwanza. Baada ya hapo mama alikuwa na hiari: arudi kazini alipwe mshahara wake wote, au abaki nyumbani hadi wiki ya 12 kwa asilimia 20 ya mshahara. Hiari! Nani mwenye kodi ya nyumba Nyamirambo angebaki nyumbani kwa moja ya tano? Hakuna aliyemlazimisha kumwacha mtoto wa wiki sita, kama ambavyo hakuna aliyemlazimisha yule wa Madina.

Mwaka 2016 wakatunga sheria ya mafao ya likizo ya uzazi. Kila mfanyakazi anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza 0.3 nyingine, jumla 0.6. Zinakwenda RSSB, bodi yao ya hifadhi ya jamii. Mwajiri anabaki na wiki sita za kwanza. Kuanzia wiki ya saba mshahara wa mama unatoka kwenye mfuko, mshahara kamili. Mwaka 2023 likizo ikaongezwa hadi wiki 14.

Nataka mtulie kwenye maneno "kila mfanyakazi". Anachangia mwanamke na mwanamume. Anachangia mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, anachangia kijana asiye na mpango wa kuoa, anachangia dada ambaye hakujaaliwa mtoto. Kwa mwenye mshahara wa faranga 200,000 ni faranga 600 kwa mwezi. Na kwa kuwa mwajiri anachangia sawa kwa mwanamume na kwa mwanamke, mchango wake haupungui akimkataa binti. Turudishe hesabu hiyo kwenye ile shule yetu ya chekechea, kwa mfano tu, kwani Uganda ingehitaji kupanga kiwango chake. Walimu watano wa shilingi 400,000: shule ingechangia shilingi 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka, na walimu wenyewe kiasi hichohicho. Mwalimu akijifungua, shule ingelipa wiki sita, karibu shilingi 550,000, na zilizobaki zingetoka mfukoni kwa wote. Hofu ya mzee wa bodi haiishi, lakini imegawika nusu.

Sifichi kwamba naipenda njia ya Rwanda kuliko ya kwetu. Wapo wanaosema ni kodi nyingine juu ya mshahara mdogo, na wana hoja. Wengine darsani waliuliza: hii si bima, na bima si ina gharari? Swali zuri, nami nililipeleka kwa ustadh wetu kabla ya kuandika. Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1985 lilitofautisha bima ya biashara, inayouzwa kwa faida, na bima ya ushirikiano inayosimama juu ya kuchangiana na kusaidiana. Ya kwanza likaikataa, ya pili likaikubali. Mfuko wa umma ambao watu huchangia ili mwenye kufikwa asaidiwe uko karibu zaidi na hiyo ya pili. Swali la mfuko huo unawekeza wapi fedha zake ni swali jingine, na anayetaka kulifuatilia afanye hivyo, litatufaa sote.

Kasoro kubwa ya njia zote mbili iko mahali pengine. Zinamhusu mwenye mkataba wa kazi. Mama anayeuza nguo soko la Owino, anayelima mahindi Iganga, anayekaanga chapati mlangoni mwa hosteli zetu tangu alfajiri, hana mwajiri wa kumlipa siku 60 wala mshahara wa kukatwa asilimia 0.3. Wa namna hiyo ndio wengi, Uganda na Rwanda pia. Umar alipobadilisha sharti lake hakumuuliza yule mama anafanya kazi gani wala kwa nani. Posho aliiandika kwa jina la mtoto.

Je, serikali ya nchi yenye kipato kama chetu inaweza kumwandikia mtu fedha kwa jina lake tu? Uganda inafanya hivyo tayari, kwa wazee. Mpango wa posho ya wazee ulipoenezwa nchi nzima ulichukua waliofika miaka 80 na kuendelea, shilingi 25,000 kila mwezi, bila kuuliza kama mzee aliwahi kuajiriwa. Tunao mfumo, tunayo daftari, tunayo njia ya kuzifikisha hizo fedha kijijini. Tumeuwasha mwisho wa maisha. Afrika Kusini waliuwasha mwanzoni: tangu mwaka 1998 wanatoa ruzuku ya mtoto kwa mlezi wa kipato cha chini, walianza na randi 100 kwa watoto walio chini ya miaka saba, na baadaye umri ukapanda hadi 18. Mlezi anaweza kuwa mama, baba au bibi. Sisemi tunakili kila kitu chao, nasema swali la uwezo limejibiwa na nchi za bara hili.

Tuseme sasa wiki 12 zimekwisha na dada amerudi kazini. Mtoto anakwenda wapi? Sheria ya elimu ya mwaka 2008 inasema elimu ya awali, ya miaka miwili hadi mitano, itaendeshwa na watu na taasisi binafsi, na gharama yake ni ya wazazi. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza mwaka 1997, inampokea mtoto wa miaka sita. Katikati, yaani kuanzia mtoto ana miezi mitatu hadi anapoanza darasa la kwanza, kuna sera nzuri ya mwaka 2016 ya malezi ya watoto wadogo, na hakuna shilingi ya serikali inayomfikia mzazi wa kawaida kwa ajili ya kituo cha kulelea mtoto.

Pengo hilo linazibwa na msichana. Mnamjua. Ameletwa kutoka kijijini na shangazi wa mtu, ana miaka kumi na minne au anasema ana kumi na minane, analala jikoni, anambeba mtoto mgongoni huku akifua. Mama anayemwajiri analipwa kidogo, kwa hiyo naye anamlipa kidogo zaidi. Tunapojadili fedha za serikali kwa vituo vya kulelea watoto tunadhani tunamjadili dada mwenye shahada na mtoto wake mchanga. Kuna mtoto wa pili ndani ya nyumba hiyo, na ndiye aliyeacha shule.

Kuhusu akina baba nitasema machache, kwa sababu sheria yenyewe imesema machache. Uganda inampa mume siku nne za kazi mkewe anapojifungua au kuharibikiwa na mimba. Mtoto akizaliwa Jumatatu, baba aliyepumzika kuanzia siku hiyo anamaliza siku zake Alhamisi, kabla hata akika ya siku ya saba haijafika. Tanzania ni siku tatu. Kenya imefika wiki mbili. Rwanda mwaka 2023 walipanda kutoka nne hadi saba za kazi, na baba wa Kigali sasa anaweza kuchinja na kumpa mtoto jina bila kuomba ruhusa. Uswidi, ambao mwaka 1974 waliigeuza likizo ya mama kuwa ya wazazi wote, wana siku 480 kwa mtoto mmoja, na 90 kati yake ni za kila mzazi peke yake, hawezi kumwachia mwenzake, asipozitumia zinapotea. Akina kaka walicheka nilipotaja hiyo. Niliwakumbusha kwamba bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiihudumia familia yake hadi wakati wa swala unapofika.

Limebaki moja la hapahapa chuoni. Mwanafunzi si mfanyakazi, kwa hiyo yote niliyoyaeleza hayamgusi. Dada zetu wanaoolewa wakiwa mwaka wa pili au wa tatu wanajifungua katikati ya muhula, na hakuna sheria inayowahesabia siku. Mmoja wetu mwaka uliopita alikuwa akimnyonyesha mwanawe kwenye ngazi za nyuma za maktaba, amejifunika kwa mtandio, kati ya kipindi na kipindi. Mvua zilipoanza aliahirisha mwaka mzima, na hatujui kama atarudi. Hilo halihitaji Bunge. Inasimuliwa kwamba Salahuddin al-Ayyubi aliweka kwenye lango la ngome ya Damascus mfereji wa maziwa na mwingine wa maji ya sukari, na akina mama wakija siku mbili kila wiki kuchotea watoto wao. Sisi tunaombwa chumba. Nyuma ya upande wa akina dada pale msikitini kuna stoo yenye viti vilivyovunjika na mabango ya uchaguzi wa miaka mitatu iliyopita. Kinachohitajika ni mkeka, sinki, feni, pazia, mlango unaofungika kwa ndani, na zamu ya dada wawili wakati wa vipindi vya asubuhi. Nimeandika barua kwa kamati ya jumuiya na nakala ninayo. Anayetaka kutia saini anione.

Kwa wanaomaliza mwaka huu na kuingia kazini, mambo machache ya matumizi. Unapotaka kuanza likizo ya uzazi mpe mwajiri taarifa ya maandishi angalau siku saba kabla, na ubaki na nakala iliyopokelewa. Una haki ya kurudi kwenye kazi yako, au nyingine inayofaa yenye masharti yasiyopungua ya kwanza. Ujauzito si sababu halali ya kumfukuza mtu. Ukifukuzwa, malalamiko yanapelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu, na wengi wanaikosa haki yao kwa sababu walikaa nyumbani wakilia hadi mwezi wa nne. Akina kaka, siku zenu nne ni haki, ziombeni; mwajiri akiona hakuna anayeziomba atasahau kwamba zipo.

Alhamisi ijayo, baada ya Isha, insha'Allah tutaendelea na suala la mama aliyetalikiwa na ujira wa kunyonyesha. Kila mmoja aje na barua ya ajira: yake, ya dada yake au ya mzazi wake, majina yakiwa yamefutwa. Tutasoma kipengele cha likizo kimojakimoja na kukilinganisha na sheria.